Jani Lililotangulia Maji

Wapendwa, mtu nitakayewaeleza habari zake asubuhi hii sitamtaja jina. Mkilisikia mtaanza kuulizana ni wa ukoo gani, na mtakuwa mmepata wa kumhukumu. Nataka mkae naye bila jina mpaka mwisho. Huenda kabla hatujaachana mtu mmoja hapa akampa lake.

Alikuwa mkulima wa kule mlimani, upande wa Kilimanjaro, kwenye ile miteremko ambako nyumba ya mmoja iko juu ya nyumba ya mwingine na katikati ni migomba na kahawa. Alikuwa mzee wa kanisa. Sisemi umri, nasema cheo. Jumapili yeye ndiye aliyesimama mbele kuongoza sala ya Bwana, na watu walipenda akiiongoza, kwa sababu hakuwa na haraka.

Kuna mambo mawili ya huko ambayo msipoyajua, hamtamwelewa.

La kwanza ni maji. Mashamba ya kule yananyweshwa kwa mfereji uliochimbwa na mababu, wenyewe wanauita mfongo. Unaanzia korongoni huko juu, unakatisha ubavu wa mlima, na kila nyumba ina siku yake. Siku yako ikifika, maji yote ni yako mpaka jua lizame. Siku isiyo yako, huyagusi. Jirani anaweza kukusengenya, akakunyima salamu, na mkaendelea kuishi. Lakini akikufungia maji siku ya zamu yako, jambo hilo litazungumzwa hadi kwenye misiba.

La pili ni jani. Kuna mmea unaitwa isale, hupandwa mipakani na kwenye ua. Majani yake ni marefu na hayakatiki kwa urahisi. Mtu aliyekukosea hukata jani moja, akalifunga fundo, akakuletea. Halazimiki kusema mengi. Na wewe uliyekosewa, ukishaletewa, hukatai. Watu wamesameheana hata damu kwa jani hilo. Anayelikataa, hata ndugu zake humtazama kwa namna nyingine.

Basi mkulima wetu alikuwa amepanda miche ya kahawa. Kahawa aliyorithi kwa baba yake ilikuwa imekufa kwa ugonjwa, akaing'oa yote, akaanza upya. Aliiombea miche hiyo hapa mbele, namaanisha mbele ya kanisa lake, kwa sauti, na watu wakaitikia. Ilikuwa kwenye shamba la chini, mbali na nyumba. Mwaka huo mvua ilichelewa. Majani ya miche yakaanza kujikunja.

Zamu yake ilipofika alishuka mapema na jembe lake, akachimba vijito kati ya mistari, akayaongoza maji mche kwa mche. Mkewe alikuwa ameenda sokoni. Nyumbani alibaki mama yake mzazi, ambaye miguu ilikuwa imekataa kutembea, amelala chumba cha nyuma, kile kinachokaribiana na ubavu wa mlima. Mfongo ulipita juu ya chumba hicho. Shikeni hilo.

Alikuwa hajafika hata nusu ya shamba, maji yakakatika.

Alisimama akayangojea. Wakati mwingine tawi huziba njia, maji yakajaa nyuma yake, yakalisukuma. Hayakuja. Kilichobaki kilikuwa uzi mwembamba unaotambaa katikati ya mfereji, usiotosha kulowesha kisigino. Akajua. Maji yakiziba yenyewe hupungua taratibu. Yakikatika hivi, yamefungwa na mtu.

Kuna njia mbili za kupanda hadi kwenye mlango wa mfongo, pale yanapofungiwa. Moja inapita nyumbani kwake. Nyingine inapanda moja kwa moja kwenye mgongo wa kilima, ni kali lakini ni fupi. Alishika fupi.

Na alipokuwa akipanda alizungumza na Mungu. Msidhani alikuwa ameacha kuomba. Aliomba njia nzima. Alisema, "Bwana, ninayo siku moja. Siku moja tu. Hukuniletea mvua, nikanyamaza. Ulichukua kahawa ya baba, nikanyamaza. Na leo hii, hata haya ya mfereji?" Mnaisikia sala hiyo? Nani humu ndani hajawahi kuisali?

Karibu na juu alikutana na mtu wa kijijini anashuka na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Walisoma pamoja zamani, walitaniana siku zote.

"Mzee wa kanisa! Mbona unapanda kama umeitwa na hakimu?"

"Wameyafunga maji."

"Leo si zamu yako?"

"Ndiyo maana napanda."

Yule mtu akashusha mzigo. "Nimemwona shemeji yako pale mlangoni asubuhi hii. Anabeba vigogo vya mgomba. Nikadhani anakusaidia."

"Anisaidie nini? Mimi niko chini, yeye yuko juu."

"Basi leo miche yako itakunywa chai," akasema yule mtu, akacheka. Lakini alipomwona mkulima hacheki, aliuacha mzigo pale. Akaona ni vyema amsindikize.

Huyo shemeji alikuwa mjane, mke wa ndugu wa ukoo wa mkulima aliyekwishafariki. Shamba lake lilikuwa juu ya shamba la mkulima. Hawakuwa maadui. Mama yule alikuwa akishuka mara kwa mara kumletea mgonjwa mtori, ile supu ya ndizi, akikaa kitandani kwake wakiongea mambo yao. Ugomvi waliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, mbuzi wake alipokata kamba akala maharage ya mkulima. Siku hiyohiyo alileta jani la isale, mkulima akalipokea, yakaisha. Na mjane huyo alikuwa mtu wa ukoo wa mkulima, mtu wa kanisa lake, aliyekaa benchi lilelile la akina mama kila Jumapili.

Walipofika mlangoni walikuta umefungwa, na umefungwa vizuri. Mawe chini, vigogo vya mgomba juu yake, udongo wa mfinyanzi umeshindiliwa kila penye upenyo. Maji yote yalikuwa yamegeuzwa korongoni, yanakwenda bure. Na juu ya kigogo cha mwisho lilikuwa limewekwa jani la isale, bichi, lenye fundo.

Yule rafiki alipoliona alirudi nyuma hatua. Mkulima alisogea.

"Ameliona kosa lake mwenyewe," akasema. "Tazama. Amefunga, kisha anaomba msamaha. Alijua ni zamu yangu. Alijua!"

"Ndugu yangu, jani limekwishawekwa. Nenda kwanza ukamuulize."

"Nimuulize nini? Mtu hupeleka isale kwa kosa gani kama hakukosa?"

"Mimi sijui. Ninachojua, isale haivukwi."

"Isale hainyweshi miche," akasema mkulima.

Akaliokota jani, akalitupa kwenye mfereji.

 Rafiki yake aligeuka, akashuka kuufuata mzigo wake. Mtu wa huko hukaa mbali na mahali isale ilipodharauliwa.

Mkulima akabaki peke yake na ule mlango. Alidhani ni kazi ya kitambo kidogo. Lakini mama yule alikuwa amefunga kama mtu asiyetaka tone lipite. Kigogo kimoja kikitoka, udongo unajaa nafasi yake. Jiwe likisogea, lingine linakaa. Alichimba kwa mikono, akavunjika kucha, akamlaumu shemeji yake kwa ustadi wake. Mwishowe mlango ukaachia, na maji yakaingia mfongoni kwa kishindo, yakashuka.

Alinawa. Akaanza kushuka, safari hii kwa njia inayopita nyumbani, akiandamana na maji yake kwa mbali, na moyo wake umetulia. Alijiona kama mtu aliyeshinda kesi.

Aliposogea karibu na nyumba aliona kwamba mfereji mbele yake hauna maji.

Yalikuwa yameishia juu ya nyumba yake. Ukingo wa mfongo ulikuwa umekatika, na kipande cha ubavu wa mlima kilikuwa kimeshuka pamoja nao. Ukuta wa chumba cha nyuma haukuwepo. Tope lilikuwa limeingia mpaka usawa wa dirisha. Kitanda cha mama yake kilionekana pembe moja tu, na blanketi lake.

Wapendwa, hapo sitaongeza neno. Aliingia kwenye tope hilo na mikono ileile iliyofungua maji, akaanza kuchimba, akiita, "Mama! Mama!"

Na mama akaitika. Akaitikia nyuma yake, kutoka kwenye migomba ng'ambo ya ua.

"Nani anapiga kelele hivyo? Niko huku! Shemeji yako amenibeba kama mkungu wa ndizi, mgongo wote unaniuma."

Akageuka. Mama yake alikuwa amekalishwa chini kwenye majani makavu ya mgomba, amefunikwa khanga isiyo yake. Kando yake ameketi yule mjane. Alikuwa ametapakaa tope kutoka vidole hadi begani, mkono mmoja zaidi ya mwingine, na bado alikuwa anahema.

Mkulima alitembea hadi walipo. Wa kwanza kusema alikuwa mjane.

"Shemeji. Ni wewe uliyefungua?"

"Ni mimi."

"Niliweka jani."

"Nililiona."

"Uliliona," mjane akarudia. Hakuwa anauliza.

Kisha akamweleza, kwa maneno machache, kwa kuwa pumzi haikuwa imerudi. Asubuhi alishuka kukata majani ya ng'ombe kando ya mfongo. Alipofika juu ya nyumba hii aliona maji yanazunguka mahali pamoja na kuzama. Fuko alikuwa ametoboa ukingo. Maji yalikuwa yanaingia kwenye tundu lake, na hayatoki popote. Yalikuwa yanakwenda ndani ya mlima, nyuma ya chumba cha mgonjwa. Akateremka akagonga mlango, akajibiwa na mgonjwa peke yake. Akajiuliza, nimfuate shemeji kule chini, au niyafunge kwanza? Shamba la chini ni mbali. Ukingo haungemngoja. Kumbeba mama peke yake aliogopa, asije akamwangusha na kumvunja. Akapanda, akayafunga.

"Nikakumbuka leo ni siku yako," akasema. "Na miche yako naijua. Nikakata jani nikaweka, nikasema atakayekuja kwa hasira akiliona atanitafuta kwanza. Nikarudi kuziba tundu, ili nikishaziba nikakufungulie mwenyewe."

Mkulima alikuwa akitazama chini. "Nilidhani..."

"Ulidhani nimekuibia maji."

Akakubali kwa kichwa.

"Ulitokaje kwenye mfereji?" akauliza. "Maji yalikwenda kwa nguvu. Ulijuaje?"

Mjane alitia mkono kwenye fundo la khanga kiunoni mwake, akatoa jani. Lilikuwa limelowa, limekunjamana, na fundo lake bado limo.

"Nilikuwa nimechomeka mkono wote kwenye lile tundu, nashindilia udongo," akasema. "Unajua maji hata uyafunge namna gani, hubaki kauzi. Nikaona kitu kinashuka kwenye hako kauzi, kinakwama, kinajivuta, kinakuja. Nikalitazama lile fundo. Nikasema, hili nimelifunga mimi. Na kama limefika hapa, basi amelitupa. Na mtu aliyeitupa isale hawezi kuuacha mlango umefungwa. Nikatoka mbio kwa mama. Hapo sikuwa na nafasi ya kuogopa kumwangusha."

Mgonjwa akadakia pale chini, "Na ameniangusha kidogo."

"Nilikuangusha kidogo, mama. Nisamehe."

Sasa mtazameni mtu huyu amesimama katika ua wake. Ile hasira aliyoiita haki imebomoa chumba cha mama yake. Na ule mlango alioulaani kwa kufungwa vizuri ndio uliomchelewesha, jani likapata muda wa kufika. Lile jani alilolitupa kwa dharau likatumwa mbele yake kwenda kumwokoa mama yake. Mungu alilichukua tusi lake akalifanya mjumbe. Je, anaweza kujisifu nalo? Aseme, "Kumbe nilifanya vyema kulitupa"? Hawezi. Hakuna alichofanya siku hiyo anachoweza kukishika mkononi na kusema ni chake, isipokuwa kosa.

Akaondoka kwenda upande wa ua.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Kukata isale."

"Ya nini?"

Akaendelea kwenda.

"Rudi hapa," akasema mjane. Akamnyooshea lile jani lililolowa. "Hili nilikuletea ukalitupa. Lishike. Sasa niletee."

Akalishika. Walikuwa wamekaribiana kiasi kwamba hakuhitaji hata kusogea ili kumpa. Alibaki amelikamata, kichwa kimeinama, tope linakauka mikononi. Mtu mzima, mzee wa kanisa, ameshika jani ambalo si yeye aliyelikata, lenye fundo ambalo si yeye aliyelifunga. Kisha akamletea. Mjane alilipokea kwa mikono miwili, kama inavyopokewa.

Na mama yake akasema, "Haya, mkimaliza mniondoe juani."

Nimewaambia habari hii ili nizungumze nanyi, na nami nimo. Huyu mtu alikosea wapi?

Hakukosea kuumia. Maji yalikuwa yake. Miche ilikuwa inakufa kweli. Hakukosea kumlalamikia Mungu akiwa njiani, kwa maana mwenye kulalamika kwa Mungu bado anaongea naye. Alikosea pale mlangoni, alipoona alama akaisoma kwa maana moja tu aliyoizoea. Isale huletwa na aliyekosa. Ni kweli. Lakini huletwa pia na anayesihi. Mtu akiwa katikati ya watu wanaotaka kupigana, huwainulia jani, na hakuna kosa alilofanya. Anasema, nawaomba, subirini. Mkulima alizaliwa huko. Alilijua hilo. Ila siku ile, kwa kuwa maji yake yamefungwa, akachagua maana ya ubaya.

Tena alimjua aliyefunga. Hapa ndipo ninapoona aibu kwa niaba yetu sote. Angekuwa mgeni, tungemwelewa. Lakini huyu ni mama anayemletea mama yake mtori. Ni mtu wa kanisa lake. Njia nzima ya kupanda, mkulima aliuliza kwa nini maji yangu, kwa nini leo, kwa nini mimi. Hakujiuliza hata mara moja, yule ninayemjua hivi, angefunga kwa sababu gani?

Na sisi tunamjua nani? Tumebatizwa kwa jina la nani? Tunakaa humu kila Jumapili tunaimba kwamba Mungu ni mwema, tunapiga makofi, tunatoka. Jumatatu kazi inasimamishwa. Mimba inaharibika. Mchumba anarudisha pete. Barua ya chuo haiji. Tunapanda kilima tukiwa tumekwisha toa hukumu: Mungu amenionea. Hatumuulizi. Tunafungua wenyewe, kwa mikono yetu, tukivunja kucha, yale aliyoyafunga. Na mara nyingine tunafanikiwa kufungua, na hilo ndilo la kutisha.

Mtaniambia, mchungaji, Mungu hajaniwekea jani. Mlangoni kwangu hapakuwa na kitu. Ngojeni. Kwanza niseme mahali mfano wangu unapokomea: Mungu hatuletei isale kama mkosaji. Hana kosa la kutuomba radhi. Lakini je, hakuweka alama? Kabla hujazaliwa, kabla hujapanda mche wowote, kabla maji yako hayajakatika, alimweka Mwanawe juu ya mti, mbele ya macho ya watu wote, mahali ambapo kila anayepanda na hasira yake lazima apite. Aliyekupa huyo, anakufungia maji kwa chuki? Hiyo ndiyo alama. Na siku zetu nyingi tumeiokota, tukaitupa mferejini, tukasema, msalaba haulipi karo.

Nami nawaonya jambo moja, msije mkaondoka hapa na mfano huu mkaenda kuwapigia watu. Yule mkulima alielezwa siku ileile. Alionyeshwa tundu la fuko. Wengi wetu hatuonyeshwi. Wako humu ambao mama zao hawakubebwa wakatolewa. Walipogeuka, hapakuwa na sauti nyuma yao. Msiende kwa watu hao kuwaambia, "Labda kulikuwa na fuko." Hamjui. Nami sijui. Nendeni mkae nao kwenye tope. Imani yetu haisimami juu ya kulijua tundu. Inasimama juu ya kumjua aliyefunga.

Na kama umekwisha litupa jani, kama ulikwisha fungua na ukuta umeanguka, na umekaa hapo nyuma ukidhani huna uso wa kusogea mbele, basi wewe ndiye niliyemficha jina tangu mwanzo. Huna haja ya kwenda uani kutafuta jani lako. Hutapata linalotosha. Mungu anakunyooshea lilelile ulilolitupa. Lishike, umletee. Anapokea.

Wengine mtataka kujua miche iliishia wapi. Mingi ilikufa. Iliyo karibu na mfereji ilipona, inazaa hadi sasa, michache. Chumba kilijengwa tena, safari hii upande wa mbele. Mkulima alinyweshwa aibu yake polepole, kwa kuwa hakuna aliyemsema. Wangemsema ingekuwa rahisi kwake.

Jumapili iliyofuata alipaswa tena kuongoza sala ya Bwana. Alisimama, akaanza bila haraka kama kawaida yake. Alipofika pale tunapomwambia Mungu kwamba mapenzi yake ndiyo yafanyike, sauti ikakatika. Kanisa likangoja. Watu wakadhani amesahau, mtu mzima, sala ya watoto. Alikuwa hajasahau. Ndiyo kwanza alikuwa amelisikia neno analolisema miaka yote.

Kutoka kwenye benchi la akina mama, sauti moja ikayachukua maneno yale pale alipoyaachia, ikayasema. Aliijua sauti hiyo. Akaifuata.

Tusimame, wapendwa. Tuisali sala hiyo sasa. Tukifika mahali pale, asiyeweza kusema na anyamaze, asione haya. Aliye karibu naye amsemee.